Mgonjwa anaomba afe, tufanyeje? Maswali na majibu kuhusu eutanasia, mashine na dawa za maumivu

Mimi ni nesi wa tiba shufaa hapa Dar, yaani kazi yangu ni wagonjwa ambao ugonjwa wao hautapona tena, kansa iliyosambaa, figo zilizochoka, moyo uliochoka, pamoja na ndugu wanaokesha nao. Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipiga kura, 314 kwa 291, kuunga mkono muswada wa kumruhusu mgonjwa aliyebakiza miezi sita kusaidiwa kufa. Muswada bado ulikuwa na safari ya kwenda baraza la juu lakini habari yenyewe ilizunguka kwenye simu za watu na maswali yakaanza, wodini naulizwa, kwenye daladala naulizwa, hata msibani Tandika niliulizwa. Nimeyaweka hapa yale yanayojirudia, na pale ninapotoa maoni yangu nitasema wazi kwamba haya ni maoni yangu.

Hivi hiyo eutanasia ni nini, ndo ile ya kumzimia mtu mashine?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Angalia vitu viwili tu: nani anafanya tendo la mwisho, na kinachomuua mgonjwa ni nini. Eutanasia ni pale daktari anapomchoma mgonjwa dawa makusudi ili afe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ameomba. Kusaidiwa kujiua ni pale daktari anaandika dawa ila mgonjwa anaimeza kwa mkono wake. Kwenye hayo mawili dawa ndo inaua. Kuacha au kusitisha tiba ni habari nyingine kabisa, mgonjwa anakataa operesheni, au madaktari na familia wanakubaliana kutoa mashine ambayo haisaidii tena, hapo ugonjwa ndo unamchukua mtu. Halafu kuna la nne, kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu kama mofini kwa kipimo chake, na hilo wala halipo kwenye mjadala, ni tiba kama tiba nyingine.

Mtaani yote manne yanaitwa "kuua kwa huruma" basi. Na madhara yake nayaona kwa macho. Nimeshamkuta kijana amefungia chupa ya mofini kabatini na funguo kaiweka mfukoni, eti hataki kushiriki dhambi, na mama yake yuko chumba cha pili anauma kanga usiku kucha asisikike na wapangaji. Yule kijana anampenda mama yake, hakuna aliyemweleza tu.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Inakataza, na inakataza kwa ukali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 216, inasema ukimshawishi mtu ajiue, ukimshauri mpaka akajiua, au ukimsaidia kujiua, ni kosa na unaweza kufungwa maisha. Ukimchoma wewe mwenyewe sindano ya kumuua hiyo ni kuua kwa kukusudia, adhabu yake ni kunyongwa. Na usifikiri utajitetea kwa kusema "lakini aliniomba mwenyewe", ridhaa ya marehemu haikutoi kwenye kosa, sheria imelisema hilo.

Kuna kifungu kingine ambacho watu hawakijui, cha 203. Kinasema ukifanya jambo, au ukiacha kufanya jambo, likaharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ana ugonjwa ambao ungemuua, unahesabika umesababisha kifo hicho. Kwa hiyo ile hoja ya "si alikuwa anakufa tu" haina nguvu mahakamani. Katiba nayo ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii.

Na bado kujaribu kujiua kwenyewe ni kosa hapa kwetu, kifungu cha 217. Hapa natoa maoni yangu: hiki kifungu kinaumiza watu. Familia inamficha mtu aliyejaribu kujiua, inasema ameteleza, amekosea dawa, kwa kuogopa polisi, na daktari anatibu tumbo wakati kilichoumia ni moyo wake, wiki mbili baadae anarudia. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho hicho, urithi wa mkoloni mmoja, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinakwenda kinyume na katiba. Natamani na sisi tufike huko, na kufika huko hakuhusiani kabisa na kuruhusu eutanasia, mtu anaweza kuunga mkono hili na akapinga lile.

Kwa hiyo ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wakizima mashine hawajavunja sheria?

Hili ndo swali gumu kuliko yote na ndo linalotokea kweli kila siku hapa Dar, sio ile sindano ya eutanasia ya kule Uholanzi.

Mashine ya kupumulia iliwekwa kumvusha mtu kwenye kipindi kigumu mpaka mwili wake ufanye kazi tena. Kama mapafu yatarudi, au figo zitaamka, mashine inampa muda. Lakini kuna wakati hakuna tena kinachosubiriwa, ubongo umekufa au viungo vimezima kimoja baada ya kingine, na mashine inasukuma hewa tu ndani ya mtu ambaye harudi. Kuendelea pale hakumtibu, kunarefusha kufa kwake. Madaktari karibu dunia nzima wanakubaliana kuwa kusitisha tiba isiyo na faida, baada ya kupima vizuri na kuongea na familia, ni sehemu ya udaktari wa kawaida.

Dini nazo zimeshaliongelea hili kabla yetu. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12 aliulizwa na madaktari wa usingizi kuhusu mashine hizi hizi, akawajibu kwamba mtu halazimiki kutumia njia zilizopita kawaida ili kubaki hai. Kwa upande wa Waislamu, baraza la kimataifa la mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lilikaa Amman mwaka 1986 likaamua kwamba kama ubongo umesimama kabisa na madaktari wataalamu wakathibitisha haurudi, inajuzu kuondoa mashine hata kama moyo bado unadundishwa nayo. Hao hao wote wanakataa eutanasia bila kuyumba, kwa hiyo mtu anayesema kuzima mashine na kumchoma mtu sindano ni dhambi moja, kwa hao niliowataja hatapata wa kumuunga mkono.

Tatizo letu ni kwamba sheria yetu haijaweka utaratibu ulio wazi wa jinsi ya kufanya hayo maamuzi, wala wa mtu kuandika mapema akiwa mzima kwamba nikifika hatua fulani msiniwekee mashine. Kifungu kile cha 203 kipo pale pale na neno lake la "kuacha kufanya". Daktari anaogopa, familia inaogopa, basi kinachoamua ni bili. Nani asiyejua? Ndugu wanachangishana kwenye grupu la WhatsApp, siku ya kwanza watu wanatuma laki, siku ya tano wanatuma elfu kumi na "poleni sana", siku ya tisa grupu liko kimya, na mtoto mkubwa anaitwa dirishani kusaini kwamba anamtoa mgonjwa kwa hiari yake. Shangazi kutoka Tanga anakuja anasema mmemuua kaka yangu kwa kubana hela. Na huyo mtoto anaishi na hilo neno maisha yake yote wakati pengine baba yake alikuwa ameshaondoka siku ya tatu na hakuna aliyekaa nao chini akawaambia.

Ninachowashauri ndugu ni hiki. Ombeni kikao na daktari anayehusika, sio kuuliza koridoni, na awepo yule ndugu anayepinga sana, awepo kabisa. Muulizeni bila kuzunguka: mnategemea nini kitabadilika, na lini? Mkiondoa mashine atapata dawa ya kumtuliza asihangaike? Wewe angekuwa baba yako ungefanyaje? Hilo la mwisho madaktari wengi hawapendi kuulizwa ila wakilijibu linasaidia kuliko mengine yote. Na makubaliano yaandikwe kwenye faili.

Nchi gani zinaruhusu, na Afrika je?

Uswisi ndo ya zamani, sheria yao ya jinai iliyoanza kutumika 1942 inamuadhibu anayemsaidia mtu kujiua kama tu ana nia ya kujinufaisha, ndo maana wageni wanasafiri kwenda kufia kule. Jimbo la Oregon Marekani lilipiga kura 1994 na sheria ikaanza 1997. Uholanzi na Ubelgiji 2002, Luxembourg 2009, Kanada 2016, Hispania na New Zealand 2021, Kolombia kupitia mahakama yao ya katiba tangu 1997, na majimbo ya Australia moja baada ya jingine kuanzia Victoria. Sheria hazifanani, Oregon lazima uwe na miaka 18, madaktari wawili wathibitishe umebakiza miezi sita na dawa unainywa mwenyewe, Uholanzi daktari anaweza kukuchoma na hawaangalii miezi, wanaangalia kama mateso hayavumiliki na hayana njia ya kupona.

Kwetu Afrika kesi inayojulikana zaidi ni ya Afrika Kusini. Wakili Robert Stransham-Ford alikuwa na kansa, akaenda Mahakama Kuu Pretoria mwaka 2015 kuomba daktari amsaidie kufa bila kushtakiwa. Jaji akakubali. Kumbe mwenye kesi alikuwa ameshafariki mwenyewe siku ile ile, masaa machache kabla ya hukumu kusomwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile hukumu, kwa hiyo Afrika Kusini nayo bado ni marufuku.

Wanaounga mkono wana hoja gani? Maana sisi tunasikia tu kwamba ni wazungu wameacha Mungu.

Naomba tuwatendee haki. Hoja yao sio ya kipuuzi na wengi wao wameuguza watu wao. Wanasema hivi: mimi ndo mwenye mwili, najua ninachopitia, nimeshakubali kwamba nakufa, kwa nini serikali inilazimishe wiki nne za mwisho niishi kwa namna ambayo mimi mwenyewe naiona ya kunidhalilisha? Wanasema pia kwamba kwa siri inafanyika tu, bora kuwe na sheria na usimamizi kuliko kila mtu na lwake. Kuna jambo jingine kwenye ripoti za Oregon linanifikirisha, karibu theluthi ya wagonjwa wanaopewa ile dawa hawainywi kabisa, wanakufa na ugonjwa wao. Maana yake walitaka kujua mlango upo, hawakutaka kupita.

Na ripoti hizo hizo zinaonyesha sababu ambayo watu wanaitaja zaidi sio maumivu. Ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyokuwa yanampa raha, kupoteza heshima yake. Maumivu yapo kwenye orodha ila yako chini.

Na wanaopinga?

Wapo wa dini, na msimamo wao unajulikana, uhai ni amana, aliyeutoa ndo anauchukua. Qurani Surat An-Nisaa aya ya 29 inakataza watu kujiua, Wakristo wana amri ya usiue. Wapo madaktari pia, Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Tbilisi mwaka 2019 kikarudia kwamba kinapinga eutanasia na daktari kumsaidia mgonjwa kujiua. Hoja moja ya madaktari wanaopinga ni kwamba mgonjwa lazima awe na uhakika kwamba mtu mwenye koti jeupe anaingia chumbani kumtibu tu.

Lakini wanaonigusa mimi zaidi ni watu wenye ulemavu. Wao wanauliza, mnaposema maisha ya mtu asiyeweza kujilisha wala kwenda chooni mwenyewe hayana heshima, mnamwongelea nani? Sisi ndo tunaishi hivyo. Na wanaonyesha kidole Kanada. Kanada walianza 2016 na wagonjwa ambao kifo chao kinatarajiwa, 2021 wakaondoa sharti hilo, wakapanga kuongeza na wenye ugonjwa wa akili peke yake, hilo wameliahirisha mpaka Machi 2027. Mwaka 2023 waliokufa kwa njia hiyo kule walikuwa 15,343, karibu mtu mmoja kati ya kila watu ishirini waliofariki nchini.

Wewe sista uko upande gani?

Mimi napinga iletwe hapa kwetu, na sababu yangu kubwa naiona kwenye nyumba ninazoingia. Mzee amelala sebuleni kwa sababu chumba chake kimepangishwa ili ipatikane hela ya dawa. Anasikia kila kitu. Anasikia mkwe akisema ada haijalipwa, anasikia mtoto anaomba advansi kazini kwa simu, anasikia pampasi zimepanda bei. Siku moja anakwambia mwanangu, mimi nimeishi inatosha, hamna sindano ya kunipumzisha? Sasa niambie, huyo kaomba kufa au kaomba asiwe mzigo? Ukimpa fomu asaini atasaini kwa moyo mweupe kabisa, kwa upendo, ili wajukuu waende shule. Hiyo sio hiari ninayoweza kuiita hiari. Nchi ambayo mgonjwa bado anauza kiwanja ili atibiwe, kifo ndo kitakuwa huduma ya bei rahisi kuliko zote, na watakaokwenda huko sio matajiri.

Hata hivyo sikubali wale wanaopinga halafu wanaishia hapo. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu, na wengi wa wasioipata wako kwenye nchi kama yetu. Ukisimama madhabahuni au kwenye mimbari ukasema uhai ni wa Mungu, sawa, nakuunga mkono, basi simama tena uulize kwa nini hospitali ya wilaya haina mofini.

Hiyo mofini si ndo yenyewe inaua? Kwetu tunajua mtu akianza kupewa hiyo ndo basi.

Hapana jamani. Watu wanaona hivyo kwa sababu mofini inaletwa mwishoni kabisa, mtu ameshabakiza siku tatu ndo anapewa, akifa inasingiziwa mofini. Ingeletwa mapema mngeona watu wanaitumia miezi na miaka huku wanatembea.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1986 wa kupandisha dawa za maumivu ya kansa kwa ngazi, unaanza na panadol na jamii yake, ikishindwa unapanda, maumivu makali unafika kwenye mofini. Mofini ya maji inanywewa kila baada ya masaa manne kwa saa, haisubiriwi mpaka maumivu yarudi, na hapo ndo watu wanakosea sana, wanampa akilia tu. Inaanza na kipimo kidogo, daktari anapandisha taratibu kulingana na mgonjwa, na ikifanyika hivyo haiui wala haiharakishi. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa atalala sana, mara nyingi ni usingizi wa madeni aliokuwa anadaiwa na maumivu, na kichefuchefu kinaweza kuwepo, vinapungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo lazima iandikwe pamoja, ikisahaulika kumbusheni. Uteja kwa mtu anayeitumia kwa maumivu ya kweli ni nadra, ila isikatishwe ghafla na isionjwe na mtu mwingine, na chupa ikae mbali na watoto.

Kuna mzee wa Mbagala, fundi cherehani mstaafu, kansa ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye uti wa mgongo. Nilivyofika mara ya kwanza hakunisalimia, aliniangalia tu akasema sista kama umekuja kunichoma nife karibu, kama hujaja kwa hilo usinipotezee muda. Mke wake akaanza kumkemea, mzee usikufuru. Nikamwomba mama aniache nae. Tulianzisha mofini jioni ile. Mjukuu wake wa darasa la sita ndo alikuwa msimamizi, aliandika nyuma ya kalenda saa 12, saa 4, saa 8, saa 12, saa 4, saa 8, na kila akimpa babu anaweka vema, ile ya saa 8 usiku anaamshwa na alamu ya simu ya bibi. Niliporudi ile wiki mzee alikuwa amekaa kitini, ameegemea mito, anamgombeza mtu kwenye simu kuhusu cherehani yake aliyoazimwa haijarudi. Nilimuuliza kuhusu lile ombi lake. Akasema, lile lilikuwa la maumivu yale, mimi sikuwepo.

Alifariki baada ya miezi, na ugonjwa wake. Sisemi mofini inamaliza kila kitu, wapo ambao maumivu yakiisha bado wanasema wamechoka kuishi, na hao wanahitaji kusikilizwa kwa namna nyingine. Lakini kwa uzoefu wangu wengi wanaoomba kufa ukitoa maumivu, ukatoa harufu ya kidonda, ukawapa usingizi, ombi linabadilika. Cicely Saunders, nesi wa Kiingereza aliyeamua kusomea udaktari na mwaka 1967 akafungua London kituo cha kuhudumia wanaokaribia kufa, St Christopher's, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa sio ya mwili tu, kuna ya akili, ya familia na ya roho, ukitibu moja hujamaliza. Wala sio jambo la nchi tajiri, hapo Uganda Daktari Anne Merriman alianza 1993 na mofini ya unga inayochanganywa na maji, ya bei ndogo, na tangu 2004 manesi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika wenyewe.

Mgonjwa wangu akiniambia nataka kufa nimjibu nini?

Kwanza usimkatishe. Najua linatoka lenyewe, "usiseme hivyo", "muombe Mungu", "utapona tu", yote yanamfunga mdomo na kesho hatakwambia tena, ila mawazo yatabaki. Vuta kiti. Muulize, nini hasa kimekuchosha? Mara nyingi atataja kitu ambacho unaweza kukishughulikia, maumivu, harufu, aibu ya kuogeshwa na mkwe, ugomvi na mdogo wake ambao haujaisha, hofu ya kukabwa pumzi usiku.

Halafu muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo, hiyo ni imani ya zamani sio kweli. Kama analia tu, hali, halali, anajiona hana thamani hata kwa mambo ya zamani, hiyo inaweza kuwa sonona na sonona inatibika hata kwa mtu mwenye kansa, mwambieni daktari. Kama ana mpango wa kujidhuru, asiachwe peke yake, ondoeni karibu yake vitu vya hatari, dawa zote zishikwe na mtu mmoja, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala ni pa kuanzia. Na hii inakuhusu hata wewe unayesoma hapa mzima wa afya lakini moyoni kumechoka, ongea na mtu leo, usisubiri iwe kubwa.

Na anayeuguza nae aangaliwe. Kuna siku binti mmoja aliniambia kwa kunong'ona, sista namuombea mama afe na najichukia. Nikamwambia wewe unaomba mateso yaishe, na umelala masaa mawili. Tukampangia dada yake alale pale siku mbili za wiki.

Daktari kasema tumrudishe nyumbani hakuna la kufanya. Ndo wametutupa?

Lile neno "hakuna la kufanya" mimi silipendi na halina ukweli. Hakuna la kuponya, la kufanya lipo tele. Kumgeuza kila baada ya masaa mawili asipate vidonda, kumlowanisha midomo kwa pamba safi yenye maji, kumpaka mafuta, kumuogesha, kumleta sheikh au padri kama anataka, kumalizia mambo ya mirathi akiwa na akili zake. Siku za mwisho mwili unaacha kutaka chakula, msimlazimishe uji, anaweza kupaliwa ukaingia kwenye mapafu, na kutokula hapo hakumuui, ni dalili kwamba anaondoka. Mkoromo wa kooni unawatisha ninyi zaidi kuliko unavyomsumbua yeye, mlazeni ubavu.

Ila msitoke wodini mikono mitupu. Kabla ya kusaini ulizeni kitengo cha tiba shufaa, hospitali ya kansa ya Ocean Road kipo na Muhimbili kipo, na kule Temeke kuna PASADA ambao wamekuwa wakifuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi. Ombeni mofini ya kutosha na bomba la kupimia lisilo na sindano, dawa ya choo, barua yenye jina la ugonjwa na dawa anazotumia, na namba ya simu ambayo mtu atapokea usiku. Mofini ni dawa inayodhibitiwa, duka la dawa la mtaani hamtaipata, kwa hiyo ikibaki ya siku tatu mtu mmoja aende kufuata nyingine, na asisubiri Ijumaa jioni.